Bibi Nesi na Habari Ambazo Hazikutokea



Andiko hili nimeliahirisha zaidi ya mara tano. Kila nikikaa kuandika naishia kufuta. Si kwamba sina la kusema, la hasha. Ni kwamba mhusika ni bibi yangu, na mimi kazi yangu ya kila siku ni kuandika habari za watu nisiowajua. Ukimwandika wa kwako mkono unakuwa mzito.

Bibi alifariki Machi 2024, kijijini kwetu, kilomita chache kutoka stesheni ya treni ya Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa 1938. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka kila akikiangalia, maana tarehe waliyomwandikia ni Januari Mosi, kama walivyoandikiwa wazee wengi ambao siku waliyozaliwa hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na kalenda. Kwa hiyo tuseme miaka 86, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kati ya hiyo, karibu 40 alikuwa muuguzi na mkunga. Iliyobaki yote alikuwa mkulima. Na hata katika hiyo 40, ukulima haukumtoka, kama mtakavyoona.

Ndiye aliyenilea. Nilipelekwa kwake 1997 nikiwa na miaka miwili, mama yangu alipokwenda masomoni Dar. Masomo yakaisha, kazi ikaanza, mimi nikabaki kijijini. Watu hawakumwita Bibi kwa jina. Walimwita Nesi. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu walimwita Nesi, wakidhani labda ndilo jina alilopewa na baba yake.

Mimi aliniita "mume wangu," kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Mume wangu, umenawa uso?" Hilo ndilo swali la kwanza nililokutana nalo kila asubuhi kwa miaka zaidi ya kumi. Wakati ule niliona ni usumbufu tu. Nitarudi kwenye swali hilo.

Tuanze na shamba.

Ugogoni mvua ina msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Machi au Aprili. Mwaka wa bahati mbaya inanyesha wiki mbili, mnapanda, halafu inapotea mpaka mahindi yanajikunja majani. Ndiyo maana wazee wa kule walishikilia uwele na mtama, mazao yanayovumilia. Ndiyo maana pia Wagogo wanaikumbuka miaka kwa njaa zake. Kubwa kuliko zote inaitwa Mtunya, ya 1918 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita katikati ya nchi, Wajerumani na baada yao Waingereza walichukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, vihenge vilikuwa vitupu tayari. Watu walikufa kwa maelfu. Mama yake Bibi alikuwa binti mdogo wakati huo. Nyumbani kwao walikuwa watoto saba, wakapona wawili, yeye na kaka yake.

"Mama yangu hakuwahi kusema ana watoto sita," Bibi alinisimulia. "Ukimuuliza una watoto wangapi, anakujibu: mvua hii ninao sita."

Wenzangu wa mjini wanapenda kututania sisi Wagogo kuwa ni watu wa kuombaomba. Sawa, utani ni utani, na mimi nacheka nao. Lakini siku moja nilimweleza Bibi utani huo. Hakukasirika. Alisema tu, "Waambie aliyeomba ndiye aliyepona." Tangu siku hiyo ninacheka kidogo kuliko zamani.

Basi Bibi alikulia humo, ndani ya tembe, ile nyumba yetu ya paa la udongo lililolala, watu upande huu na ndama upande ule. Kazi yake utotoni ilikuwa kukaa juu ya ulingo katikati ya shamba la uwele na kuwafukuza ndege kutoka alfajiri mpaka jua lizame. Ukisinzia kidogo tu, kundi la kweleakwelea limeshashuka. Alikuwa akisema ulingo ndio uliomfundisha zamu ya usiku. Hospitalini, wenzake walipolalamika kukaa macho saa kumi na mbili, yeye alishangaa. Angalau pale kulikuwa na kiti.

Alipokuwa na miaka kama tisa, yaani 1947, ukaja ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, makao yake Kongwa, jirani zetu. Walipanga kulima ekari milioni 3.2. Wakaleta matrekta, wakatandika reli ya kutoka Msagali kwenda Kongwa, wakang'oa mibuyu kwa minyororo. Baba yake Bibi akaenda kufanya kibarua huko. Ardhi ile ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, na mvua zikakataa kufuata mpango uliochorwa London. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwisha. Babu mkuu akarudi nyumbani na blanketi, sufuria mbili na hadithi moja ambayo Bibi alinirithisha: kwamba wazungu walihesabu mbegu, hawakuhesabu mvua.

Hilo la kuhesabu lishikeni, ndugu zangu. Maisha yote ya Bibi yamo humo.

Shule aliipata kwa misheni. Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati wakati huo ilikuwa mikononi mwa wamisionari kutoka Australia, na Mvumi walikuwa na shule ya wasichana na hospitali. Baba yake alikataa kwanza. Binti anayesoma anachelewa kuolewa, na ng'ombe wa mahari wanachelewa naye. Alikubali baada ya mke wake mdogo kufa akijifungua, yeye na mtoto, siku ya pili ya uchungu, nyumbani. Bibi aliniambia baba yake hakusema neno kuhusu msiba ule. Alichofanya ni kuuza mbuzi wawili na kumpeleka binti yake Mvumi mwenyewe, kwa miguu na kwa lifti za magari ya mizigo.

Huko akamaliza masomo, akaingia uuguzi, akafundishwa kuchemsha sindano, kutandika kitanda, na kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni kwa kile chombo cha mbao kinachofanana na tarumbeta ndogo. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, alikuwa ndio kwanza ameanza kazi. Mwalimu Nyerere alikuwa akipenda kukumbusha kwamba wakati ule nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kumi na wawili! Nilipokuwa mwanafunzi niliisikia namba hiyo kama jambo la mitihani. Bibi alikuwa anaizungumza tofauti kabisa. "Kwa hiyo daktari alikuwa nani?" aliniuliza. "Daktari nilikuwa mimi na mwenzangu mmoja, na kitabu."

Baadaye akaingia serikalini, akapangiwa zahanati za vijijini huku huku Mpwapwa. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vya ujamaa. Tembe la baba yake likabaki gofu. Bibi alikuwa na vichwa viwili kuhusu jambo hilo, na hakuwahi kunidanganya kwamba ana kimoja. Kama binti wa nyumba ile alilia. Kama nesi alifurahi, maana wajawazito aliokuwa akiwafuata siku nzima kwa baiskeli sasa walikuwa umbali wa kupiga yowe.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa umri wangu hamuijui, waulizeni wazazi wenu. Nchi nzima, vikundi vya watu wazima vilikusanyika kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanajadili, halafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Karibu watu milioni mbili walishiriki. Bibi aliendesha vikundi vitatu, redio moja, na betri ambazo alikuwa akizianika juani ili zifike wiki ijayo.

Na hapo ndipo alipokuwa ameshaanza madaftari yake.

Madaftari hayo ni saba, yale makubwa ya jalada gumu tunayoita kaunta buku. Kila mtoto aliyemzalisha ana mstari wake: tarehe, jina la mama, jina la mtoto, kijiji. Mwisho wa mstari kuna kisanduku kidogo kilichochorwa kwa rula. Nikiwa mdogo nilidhani kisanduku kinawekwa alama mtoto akizaliwa salama. Sivyo. Kiliwekwa alama siku mtoto anapotimiza miaka mitano.

Nilimuuliza kwa nini asubiri miaka yote hiyo, maana kazi yake mkunga inaisha mtoto akilia.

"Anayehesabu mbegu ni muuza mbegu," alinijibu. "Mkulima anahesabu kilichoingia kwenye kihenge."

Kwa hiyo mtoto akishazaliwa, Bibi hakuwa amemalizana naye. Alimvizia. Siku za gulio alisimama karibu na wauza vitunguu, anawaangalia akina mama wanaopita, na akimwona mmoja anamwita: "Wewe mama fulani, yule kijana yuko wapi? Surua umechanja?" Chanjo zilipopangwa kitaifa kuanzia 1975, aliletewa jokofu la mafuta ya taa, na tangu siku hiyo jokofu lile likawa mtoto wake wa sita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta ya taa yalipokuwa ya mgawo, alichukua yale ya nyumbani kwake akayatia kwenye jokofu la zahanati. Mama yangu mzazi alisomea mtihani wa darasa la saba kwa mwanga wa kuni. Mpaka leo akilizungumza hilo anacheka, halafu ananyamaza kidogo. Hakuchaguliwa kwenda sekondari mwaka ule. Alirudia darasa kwa jina la binamu yake. Sijui kama kuna namna ya kulipia kitu kama hicho. Bibi mwenyewe hakuwahi kusema alikosea, na hakuwahi kusema alipatia.

Sasa lile swali la kunawa uso. Kongwa na Mpwapwa kwa miaka mingi zimeteswa na vikope, ugonjwa unaoanza na macho kuwasha utotoni na kuishia na kope kujikunja ndani na kukwangua mboni mpaka mtu anakuwa kipofu. Ugonjwa huo unasambazwa na mikono, nguo, na inzi wanaotua kwenye nyuso chafu. Watafiti walifanya kazi kubwa Kongwa, na mwaka 1995 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kunawisha watoto nyuso kunapunguza vikope vikali. Lakini nenda ukawaambie akina mama wanaochota maji mbali kwamba wayatumie kwa uso! Wakakuuliza: na ya kupikia? Bibi hakubishana nao. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji na kopo moja la maji, akawapanga watoto mstari, akawanawisha kumi na wawili kwa kopo lile, tena akabakiza kidogo akanywa. Halafu akakaa chini bila kuhutubia. Mbele ya nyumba yetu kibuyu chirizi kilining'inia mpaka siku anakufa.

Alistaafu 1998, baada ya zile mvua za El Niño zilizokata reli. Wengi wakistaafu wanafungua duka. Yeye alirudi kwenye uwele, akaongeza alizeti, na kwa kiinua mgongo chake akanunua ndama dume wa aina ya Mpwapwa, wale ng'ombe waliotokana na miaka mingi ya kuchanganya mbegu za kienyeji na za kigeni pale kituo cha utafiti wa mifugo. Alisema anataka ng'ombe aliyezaliwa na watu waliokuwa na subira.

Hayo ndiyo maisha yake kwa kifupi. Mkiangalia vizuri mtaona tatizo langu la kitaaluma. Habari iko wapi hapo? Deski letu la habari linataka kitu kilichotokea. Basi limepinduka, waziri amesema, mtu ameuawa. Kazi ya Bibi ilikuwa kuhakikisha mambo hayatokei. Mtoto hakupata surua. Mama hakutokwa damu. Jicho halikupofuka. Nani ataandika kichwa cha habari kwamba jana huko Mpwapwa hakuna mtoto aliyekufa?

Na hapa ndipo nifike kwenye jambo lililonifanya nifute andiko hili mara tano.

Mwaka 2019 nilipata habari yangu ya kwanza ya ukurasa wa mbele. Mama mmoja alifariki akijifungua katika kituo kimoja cha afya, mkoa mwingine kabisa, si Dodoma. Ndugu wa marehemu walikuwa na hasira. Walisema nesi alikuwa na majibu mabaya, alichelewa kumwangalia mgonjwa, alimwacha peke yake. Nilizungumza na ndugu wanne. Nilimpigia simu msemaji, akasema suala linachunguzwa. Nesi sikumpata, na niseme ukweli, sikumtafuta sana. Habari ikatoka. Kichwa cha habari sikukiandika mimi lakini sikukikataa. Kilimwita nesi yule kwa neno ambalo sitalirudia. Wenzangu walinipongeza. Nilinunua nakala tatu.

Mwezi uliofuata nikaenda nyumbani na nakala moja. Macho ya Bibi yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo nikamsomea mwenyewe, kwa sauti, kwa majivuno yote ya mjukuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza maswali matatu.

"Usiku ule alikuwa peke yake?"

Sikujua.

"Alikuwa na wenye uchungu wangapi?"

Sikujua.

"Gari lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Bibi, mimi ni mwandishi. Nimeandika walichosema wafiwa. Kweli mama yule alikufa, sijatunga."

Hakuniita mume wangu. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo alilifanya mara chache mno maishani mwangu. Akaniambia nimletee daftari la nne.

Lilikuwa la 1979. Nchi ilikuwa ndio inatoka vitani, vita vya Kagera, na magari mengi ya mashirika na ya serikali yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari na mizigo. Aliniambia nitafute mwezi wa nne. Nikakuta mstari ambao mwanzoni mwake, kando ya jina la mama, kuna msalaba.

Usiku ule alikuwa peke yake zahanati. Walikuwa wawili wenye uchungu. Mmoja alikuwa na mtoto aliyetanguliza makalio, na Bibi alikuwa mikono yote miwili kwa huyo. Wa pili akajifungua mwenyewe chumba cha pili, mtoto akalia vizuri, Bibi akasikia ule mlio akashukuru. Alipofika kwake, damu ilikuwa imeshafika sakafuni. Alimkanda tumbo, akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akamtuma mlinzi akimbie kutafuta gari. Gari la karibu lilikuwa limeondoka na askari. Trekta la kijiji halikuwa na dizeli. Alimkanda mpaka mikono ikafa ganzi. Mama yule alikufa kabla jogoo hajawika, akiwa anamuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Alikuwa na miaka 22.

"Ndugu zake walisema nilimwacha peke yake," Bibi alisema. "Na ni kweli nilimwacha. Kama ungekuwa mwandishi mwaka ule, ungeniandika mimi."

Nilikaa kimya. Yeye akasimama, akaenda kuangalia mbuzi.

Hatukulizungumza tena kwa siku zote nilizobaki. Siku ya kuondoka, wakati nafunga begi, alinipa karanga za kukaanga kwenye mfuko, akasema: "Mume wangu, nenda ukamuulize." Nikaitika ndiyo, Bibi. Nikarudi Dar. Kazi zikanibana. Mnajua ilivyo. Mwaka ukapita, ikaja korona, ukapita mwingine. Kila nikimpigia simu nilikuwa naogopa ataniuliza. Hakuwahi kuniuliza.

Machi 2024 nikapigiwa simu saa kumi alfajiri. Nikapanda basi, nikashuka Mbande, nikapata gari la Mpwapwa, kutoka mjini nikapanda bodaboda mpaka Gulwe na kuendelea. Njia nzima uwele ulikuwa umesimama unaanza kutoa masuke, na watoto wako juu ya ulingo wanapiga makopo. Nikamkumbuka kwa namna ambayo nililazimika kumwomba dereva asimame kidogo.

Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Mwenyekiti wa kijiji aliomba wale waliozalishwa na Nesi wanyooshe mikono, na ilikuwa ni kama ameomba watu wote wanyooshe mikono. Wazee wa miaka hamsini na zaidi, na mabinti wenye watoto mgongoni.

Wakati wa kutambulisha wanafamilia, alisimama Shangazi wa Berege. Huyu ninamjua tangu utoto. Kila mwaka kipindi hiki, miezi ya Februari na Machi ambapo chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijaiva, Bibi alikuwa anapeleka debe la uwele Berege, na baadaye, Shangazi alipokuwa na shamba lake, debe lilianza kuja kutoka huko kwenda kwetu. Siku zote nilidhani ni ndugu wa upande wa babu. Shangazi akasema yeye si wa damu. Akasema alizaliwa zahanati, Aprili 1979, na mama yake mzazi alifariki usiku huohuo, na kwamba mama aliyelazwa mbele yetu hakukosa mwaka hata mmoja kuja kumwangalia. Alikuwa amekuja na debe lake. Aliliweka karibu na jeneza, akakaa.

Usiku nilifungua daftari la nne. Mstari una msalaba mwanzoni. Mwishoni, kwenye kisanduku, kuna alama ya 1984. Nilikuwa nimeushika ukurasa huo mikononi 2019 na sikuiona.

Nilikaa siku tisa. Nilipitia madaftari yote saba. Kurasa za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 zina visanduku vitupu vingi mpaka unaogopa kufunua. Zinavyosogea mbele vinapungua, na za mwisho karibu kila mstari una alama. Baadaye nilitafuta takwimu za nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakufikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta vifo 147 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Ule wa 2022 ukakuta 43. Bado 43 ni wengi, Bibi angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini hiyo tofauti kati ya namba ya zamani na ya sasa ni watu, wanatembea, wengine wanasoma andiko hili sasa hivi. Haikuletwa na mtu mmoja. Ililetwa na watu kama yeye, wengi, kila mmoja na baiskeli yake na jokofu lake.

Niliporudi Dar nilimtafuta yule nesi wa habari yangu. Ilinichukua wiki tatu, kazi ambayo 2019 ingenichukua siku mbili. Alikuwa ameacha uuguzi. Anauza mitumba. Nilimwambia mimi ni nani, nikadhani atakata simu. Hakukata. Nikamuuliza maswali matatu ya Bibi, kwa mpangilio uleule.

Alikuwa peke yake. Walikuwa wanne. Gari lilikuwa gereji.

Kisha akaniambia, "Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza." Alisema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Niliandika habari ya pili. Mhariri akaisoma, akaniambia ni nzuri lakini imepitwa na wakati, tukio ni la miaka mitano nyuma, hakuna jipya lililotokea. Simlaumu. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Kwa hiyo naiandika hapa, ambapo mhariri ni mimi. Mama yule alikufa, na wafiwa wake walikuwa na haki ya kulia na kuuliza. Nesi yule alikuwa peke yake na wanawake wanne usiku mmoja, na mimi nilimhukumu bila kumuuliza. Yote mawili ni kweli. La pili nilipaswa kuliandika siku ileile.

Madaftari saba yako kwangu sasa, juu ya kabati. Katika daftari la saba kuna mistari ambayo visanduku vyake havina alama kwa sababu alistaafu watoto hawajafikisha miaka mitano. Wengine nawajua, nilicheza nao. Likizo ijayo naenda gulioni kusimama karibu na wauza vitunguu.

Ni hayo tu kwa leo, ndugu zangu. Mwenye bibi, ampigie simu.